Radiatere ya jeep ya zamani: namna ya kuchagua nyingine bila kuua motere

Mwenye jeep ya zamani akiambiwa na fundi kama radiatere imekufa, wazo la kwanza ni kutafuta ingine yenye bei ndogo inayoingia mahali pa ile ya zamani. Inaingia, gari inawaka, maji hayamwagiki tena. Juma mbili kisha, gari iko katikati ya mlima, kofia ya motere imefunguliwa, mvuke unapanda, na abiria wameketi kando ya barabara. Safari hii si radiatere tena. Ni kilasi, ile kichwa cha motere, imepasuka. Gharama yake inashinda mbali ile ya radiatere nzuri ambayo ingenunuliwa tangu mwanzo.

Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia mbele ya kutoa makuta: namna ya kujua kama kweli ni radiatere njo mbaya, aina zinazouzwa, vipimo vya kuchukua, na kazi ya kufanya siku ya kuifunga.

Kwa nini huku kwetu radiatere inateswa zaidi

Barabara ya Bukavu–Uvira ni mfano mzuri. Anayetoka Uvira anaanza chini, kwenye bonde la Ruzizi, mahali pa joto, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Kisha Kamanyola anaanza kupanda Ngomo kuelekea Nyangezi na Bukavu, mji ulio karibu mita 1 500. Kwenye mlima gari inaenda polepole, vitesi ya kwanza ao ya pili, na mzigo mzito. Motere inafanya kazi nyingi, lakini upepo wa kuingia mbele ni kidogo juu mwendo ni mdogo. Hapo radiatere na ventilatere njo vinabeba kazi yote.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikiri. Maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Kwenye usawa wa bahari yanachemka kwa digrii 100. Bukavu, yakiwa wazi kwenye sufuria, yanachemka karibu digrii 95. Kinachozuia maji ya motere yasichemke mapema ni bushoni, kile kifuniko cha radiatere, juu kinafunga presha ndani. Bushoni nyingi za Toyota zimeandikwa 0.9 ao 1.1, maana yake presha ya bar 0.9 ao 1.1. Kwa presha ya 0.9, hata Bukavu maji yanaweza kupita digrii 110 mbele ya kuchemka. Bushoni ikiwa mbovu, ulinzi huo umekwisha, hata kama radiatere yenyewe ni mpya.

Kwa baazi ya motere kosa dogo linatosha. Prado 95 ya mazutu yenye motere 1KZ-TE inajulikana sana kwa hilo. Kilasi yake ni ya aluminiumu, imefungwa juu ya bloku ya chuma, na ikichemka sana mara moja inaweza kupasuka. Mwenye gari kama hiyo hana nafasi ya kujaribu-jaribu.

Kwanza: ni radiatere kweli?

Radiatere nyingi zinabadilishwa bure. Mbele ya kununua, fundi aangalie mambo haya, motere ikiwa baridi:

Bushoni. Mpira wake ukiwa umekauka ao umepasuka, ao ressort yake imelegea, ibadilishwe kwanza. Ni piese yenye bei ndogo kushinda zote.

Udongo mbele. Kama gari iko na klimatizasio, kuna radiatere ndogo yake mbele ya ile kubwa. Katikati ya hizo mbili kunajaa udongo, majani na wadudu, na hauonekani mpaka zitenganishwe. Kuosha kunafanywa kwa maji ya nguvu kidogo, kutoka upande wa motere kuelekea mbele. Maji ya presha kubwa yanakunja vile vibati vyembamba na kufunga njia ya hewa.

Ventilatere. Kwenye jeep nyingi za Toyota ventilatere inazungushwa na motere kupitia kifaa chenye mafuta ya silikoni ndani. Motere ikiwa moto na imezimwa, mtu azungushe ventilatere kwa mkono. Ikizunguka yenyewe mara nyingi bila kukamatwa, kifaa hicho kimechoka. Pia ile plastiki kubwa inayozunguka ventilatere isiondolewe. Bila hiyo, ventilatere inazungusha hewa ya karibu yake tu badala ya kuvuta hewa kupitia radiatere yote.

Termostati. Mafundi wengi wanaitoa na kuitupa, wakisema "huku ni joto, haina kazi". Si kweli. Kwenye motere nyingi za Toyota, termostati ikifunguka inafunga pia njia ya pembeni ambayo maji yanapita bila kwenda radiatere. Ikitolewa, sehemu ya maji ya moto inaendelea kuzunguka ndani ya motere tu. Kwenye mlima gari inachemka, na kwenye mteremko inakuwa baridi kupita na kukula mazutu.

Puvu kwenye maji. Bushoni ikifunguliwa motere ikiwa baridi, kisha motere iwashwe, maji yakitoa puvu bila kuacha ao yakirushwa nje, moshi wa motere unaingia kwenye maji. Shida iko kwenye juwa ya kilasi ao kilasi yenyewe. Hapo radiatere mpya haitaponya kitu.

Kama hayo yote yako sawa, na radiatere inavuja, ao sehemu yake moja iko moto na ingine baridi, basi mirija imefungwa ao imetoboka. Sasa ni wakati wa kutafuta ingine.

Aina zinazouzwa

Ya shaba. Land Cruiser nyingi za zamani, zile za BJ, HJ na HZJ, zilitoka na radiatere ya shaba. Ni nzito. Faida yake kubwa ni kwamba inatengenezeka. Tundu linachomelewa kwa bati, tanki ya juu inafunguliwa, mirija inazibuliwa kwa waya, tanki inarudishwa. Kazi hiyo inafanyika hata kwenye mji mdogo. Kwa mwenye kuzunguka mbali na miji, hilo ni jambo la uzito.

Lakini kuna mtego. Mafundi wengine wakikuta mrija umetoboka, wanaufunga pande zote mbili. Maji hayavuji tena, lakini mrija huo haufanyi kazi tena. Radiatere yenye mirija 50 ikifungwa 10, imepoteza sehemu moja ya tano ya nguvu yake. Gari itaenda vizuri mjini na kuchemka Ngomo. Anayenunua radiatere ya shaba iliyotengenezwa aulize wazi: mirija mingapi imefungwa?

Ya aluminiumu na plastiki. Prado 95, RAV4 na jeep nyingi za miaka ya 1990 na kuendelea ziko na hii. Katikati ni aluminiumu, matanki mawili ni plastiki nyeusi, yamekamatwa kwa meno ya aluminiumu yaliyokunjwa juu ya mpira. Ni nyepesi na inapoza vizuri. Shida ni plastiki: kisha miaka mingi ya joto inageuka rangi ya maji ya kahawa, inakuwa ngumu, na inapasuka, mara nyingi karibu na mdomo ambao maji ya moto yanaingilia. Gundi inaweza kufikisha gari nyumbani. Haiwezi kuwa dawa.

Ya aluminiumu yote. Matanki na katikati vyote ni aluminiumu. Ina nguvu kushinda plastiki. Lakini ikipasuka inahitaji kuchomelewa kwa mashini ya gazi argoni, na fundi mwenye mkono mzuri. Mbele ya kuichagua, mwenye gari ajue kama mashini hiyo iko karibu yake.

Mpya ao okazio?

Okazio zinazofika kwetu zinatoka sana Dubai na Sharjah, na zingine zinapitia Kampala, zikiwa zimetolewa kwenye magari yaliyobomolewa. Faida yake: mara nyingi ni piese ya kwanza ya kiwanda, yenye kipimo cha kweli. Hasara: hakuna anayejua imefanya kazi miaka mingapi. Radiatere ya plastiki yenye miaka 25 ni ya zamani, hata kama imetolewa kwenye gari yenye kung'aa.

Mwenye kununua okazio amulike ndani ya mdomo kwa tochi. Akiona kutu nyekundu ao magome meupe kwenye mirija, aiache. Aangalie alama za maji yaliyokauka, nyeupe ao kijani, kwenye meno ya kuunganisha: ni dalili ya kuvuja. Aguse vile vibati vyembamba kwa kidole: vikivunjika kama unga, havipozi tena.

Mpya za kuiga njo nyingi zaidi ku magazini. Si zote ni mbaya. Shida iko kwenye unene. Sehemu ya mirija inaweza kuwa milimita 16, 26, 32 ao 36, na kwa nje radiatere inafanana, inaingia kwenye matundu yale yale. Ya kwanza ikiwa na milimita 32, mtu akifunga ya 16, amefunga nusu ya unene. Hapo njo kuna siri ya bei ndogo. Mbinu ya haraka ni kubeba ya zamani mkononi moja na mpya mkononi ingine, zote zikiwa bila maji. Mpya ya aina ile ile ikiwa nyepesi sana, kuna kitu kimepungua.

Mpya za kiwanda, ao za watengenezaji wanaojulikana sawa Denso na Koyo, zina bei kubwa na wakati mwingine zinaagizwa mbali. Jina kwenye karato peke yake si uhakika, juu karato pia inaigwa. Vipimo ni vile vile vya kuangaliwa.

Kusoma gari mbele ya kusoma bei

"Radiatere ya Prado" si jibu la kutosha kwa muuzaji. Prado 95 ziko nyingi: KZJ95 ni ya mazutu, RZJ95 na VZJ95 ni za esanse. Radiatere zao hazilingani. Chini ya kofia ya motere, kwenye ukuta wa chuma nyuma ya motere, Toyota nyingi ziko na kibati kidogo. Juu yake kumeandikwa modeli, motere, na aina ya bwate ya vitesi. Mtu akipiche foto kwa simu na kuonyesha muuzaji, amepunguza makosa nusu. Namba ya piese ya Toyota kwa radiatere nzima inaanza na 16400. Kama karato inaanza na namba ingine, muuzaji aeleze juu ya nini.

Bwate ya otomatike ni jambo la kuangalia kwa macho mawili. Gari ya otomatike inapoza mafuta ya bwate ndani ya radiatere: kuna midomo miwili midogo ya ziada kwenye tanki ya chini. Kwenye kibati cha Toyota, bwate ya otomatike inaandikwa kwa kuanza na herufi A, mfano A343F. Radiatere yenye midomo hiyo inaweza kufungwa kwenye gari ya mkono, midomo ibaki bila kazi. Lakini radiatere ya gari ya mkono kwenye gari ya otomatike itaacha mafuta ya bwate bila kupozwa, na bwate itaungua.

Ni pia sababu ya kuogopa radiatere ya okazio ya otomatike iliyochoka. Kile kipozeo cha ndani kikitoboka, maji na mafuta vinachanganyika. Mafuta ya bwate yanakuwa kama maziwa ya rangi ya waridi. Gari iliyofika hapo isiendeshwe tena, hata mita chache.

Vipimo vya kuchukua kwenye radiatere ya zamani, vizuri ikiwa imekwisha kutolewa:

– urefu, upana na unene wa sehemu ya mirija peke yake, bila matanki;
– kipenyo cha midomo miwili mikubwa, na upande wake, kushoto ao kuume;
– midomo ya mafuta ya bwate, iko ao haiko;
– mahali pa kukamata plastiki ya ventilatere;
– miguu na matundu ya kufungia;
– tundu la kapteri ya joto na bomba ndogo la kwenda kwenye kibuyu cha plastiki;
– mdomo wa bushoni, na presha iliyoandikwa juu ya bushoni.

Njia rahisi kushinda zote ni kubeba radiatere ya zamani mpaka ku magazini na kuziweka mbili kando kwa kando.

Kupima mbele ya kulipa

Muuzaji anayejiamini hakatai kipimo hiki. Midomo inafungwa, radiatere inaingizwa ndani ya bese la maji, hewa inaingizwa polepole kwa pompe ya mkono mpaka presha iliyoandikwa kwenye bushoni, si zaidi. Puvu likitoka, iko na tundu. Kompresere ya magurudumu isitumiwe bila kipima presha, juu inaweza kufungua meno ya plastiki na kuharibu radiatere nzima. Mnunuzi aombe pia fakture yenye kuandikwa aina ya gari na siku ngapi za kurudisha.

Siku ya kufunga

Radiatere nzuri inaweza kuharibiwa siku ya kwanza. Motere yenye kutu ndani ioshwe kwanza kwa maji safi mpaka yatoke meupe. Bila hiyo, uchafu wote utahamia kwenye mirija mipya. Mipira ya chini na ya juu inayobeba radiatere irudishwe, ao inunuliwe mipya. Kwenye barabara yetu ya mashimo, radiatere iliyofungwa kavu chuma kwa chuma inapasuka kwa kutetemeka. Durite zilizovimba ao zenye kupasuka zibadilishwe siku hiyo hiyo, pamoja na bushoni.

Kisha maji. Watu wengi wa Bukavu na Uvira wanachota ya ziwa. Maji ya Kivu na ya Tanganyika yana madini mengi, na madini hayo njo yanafanya magome ndani ya mirija, sawa vile kwenye sufuria ya chai. Antijeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi njo chaguo zuri. Haikufanywa kwa barafu tu: inapandisha joto la kuchemka na inazuia kutu. Kama haipatikani, maji ya mvua yaliyokingwa safi ni afazali kuliko ya ziwa. Antijeli ya rangi moja isichanganywe na ingine bila kujua ni aina gani. Na chupa yake iwekwe mbali na watoto na wanyama: ina utamu mdomoni, lakini ni sumu ya kuua.

Kujaza kunafanywa polepole, bushoni ikiwa wazi, shofaji ya gari ikiwa imefunguliwa, motere ikizunguka taratibu mpaka termostati ifunguke na hewa itoke. Kesho yake asubuhi, motere ikiwa baridi, kiasi cha maji kiangaliwe tena.

Yale ya kuepuka barabarani

Yai, unga ao pilipili manga ndani ya radiatere inaweza kuziba tundu kwa saa chache, lakini inaziba pia mirija. Anayetumia kwa kuokoa safari ajue amekwisha kuuza radiatere yake.

Sindano ya joto isiaminiwe peke yake. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 sindano inakaa katikati hata joto likipanda, na ikianza kupanda, wakati umebaki mfupi. Maji yakiisha kabisa, kapteri inabaki kwenye hewa na sindano inaweza hata kushuka. Sindano ikianza kupanda kwenye mlima, shofere azime klimatizasio, afungue shofaji kwa nguvu yote, atafute mahali pazuri pa kusimama.

Na bushoni isifunguliwe motere ikiwa moto. Maji yaliyo juu ya digrii 100 yanageuka mvuke mara presha inapotoka, na yanarukia uso na mikono. Watu wameunguzwa hivyo, na mara nyingi ni mwanafunzi wa garaji ao konvoyere aliyetumwa "angalia maji". Angojee mpaka durite ya juu ishikike kwa mkono bila kuunguza. Maji baridi pia yasimwagwe kwenye motere ya moto: kilasi iliyokuwa ingali nzima inaweza kupasuka hapo.

Maswali matano ku magazini

Mwenye gari anaweza kuandika haya kwenye kikaratasi na kwenda nayo:

1. Hii ni ya motere gani, na bwate gani?
2. Sehemu ya mirija iko na milimita ngapi za unene?
3. Ikipasuka, nani hapa mjini anaweza kuitengeneza?
4. Tunaweza kuipima kwenye maji mbele ya kulipa?
5. Ikileta shida, siku ngapi za kuirudisha?

Muuzaji akishindwa kujibu ya kwanza na ya pili, bei yake ndogo si faida. Ni afazali kulala siku tatu bila gari, kungojea piese yenye kufaa, kuliko kupanda Ngomo na watu kumi ndani na radiatere ya nusu.